Mto Ulio Sebuleni kwa Baba

Chumba cha nyuma, Studio,
Jumanne, saa kumi jioni.

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, Dada. Naanza na salamu kama ulivyonifundisha, ingawa leo kalamu inataka kunikimbiza mbele kabla sijamaliza kukuamkia. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Ile cherehani iliyokuwa inakata uzi imetulia, au bado unagombana nayo? Baba naye, magoti yake yanasemaje? Anakunywa dawa za presha kwa saa zake, au bado anazirudisha kwenye kopo akidhani hukumwona? Mimi mwilini ni mzima, sina homa wala kikohozi. Kinachoniuma hakitibiki kwa vidonge, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mfukoni. Jumapili nilikupigia ili nikwambie haya haya, nikaishia kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha. Jana nikapiga tena, akapokea Baba, nikamwulizia hali ya jirani yenu wa ng'ambo ambaye hata simpendi. Nikisikia sauti zenu mdomo unakuwa mzito. Bahasha hii nitamkabidhi karani wa mizigo wa basi la kesho asubuhi, na jioni utakuwa nayo. Tafadhali isomee kwenye chumba chako cha kushonea, si sebuleni. Baba akikuuliza, mwambie ni mambo ya kazi yangu. Haitakuwa uongo.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata, na nimeurudia mara nyingi kuliko unavyodhani. Umesema Baba amemwarifu mwenye nyumba kwamba mnatoka. Umesema wateja wako wa sare za shule umemwachia yule fundi mwenzako wa mtaa wa pili, na Ijumaa unarudisha ufunguo wa chumba cha kushonea. Lori limepatikana, litakuja Jumamosi saa moja asubuhi, liwachukue wewe na Baba na vyombo vyote mpaka bondeni alikozaliwa, mkaishi na shangazi, Baba alime mboga kando ya mto. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukaandika kwamba Baba anaomba nimchapishie nakala nyingine ya ile picha ya mto, ampelekee shangazi zawadi. Leo asubuhi nimeifungua ile picha kwenye kompyuta ili niichapishe. Nimeshindwa.

Kwa hiyo kabla sijaeleza lolote nakuomba neno moja, Dada. Usirudishe ufunguo.

Sasa vuta kiti. Unaijua kazi yangu kwa juu juu. Huwa unawaambia majirani kwamba mdogo wako ni mpiga picha, lakini siku nyingi mimi sipigi, natibu. Watu wanasafiri, wanafika mahali pazuri wamechelewa, au kuna ukungu, au basi limekataa kusimama na wao wanapiga kupitia kioo chenye vumbi. Wakirudi nyumbani wanakuta mlima waliouona kwa macho yao umekuwa mweusi kama masizi. Basi wanatuletea. Mimi nakaa mbele ya kompyuta, navivuta vivuli polepole mpaka vitoe kilichomo, nautuliza weupe wa mawingu, naondoa chenga, yaani vile vidoadoa kama mchanga vinavyojaa kwenye picha iliyokosa mwanga. Bosi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee Rangi kwa sababu ya wino usiotoka vidoleni mwake, alinifundisha siku ya kwanza kwamba kuna kuokoa na kuna kutunga. Kuokoa, alisema, ni kukitoa kile ambacho kamera ilikiona ikashindwa kukisema. Kutunga ni kuisemea kamera.

Na kwa sababu hiyo duka letu lina utaratibu ambao sijauona kwingine. Kila picha tuliyoitengeneza tunaiweka kwenye fremu pamoja na ile ya mwanzo, mgongo kwa mgongo. Nyuma tunafunga kwa vibanio viwili, si kwa gundi, ili mwenye picha akitaka afungue aone ilivyokuwa na giza lake. Wateja wengi hawafungui hata mara moja. Mzee Rangi anasema si lazima wafungue, mradi wanajua wanaweza.

Ile safari yangu ya miezi minane iliyopita ilikuwa ya kikazi. Nyumba moja ya wageni ilitaka picha za milima na maziwa za kutundika vyumbani, nikapewa gari na dereva kwa siku sita. Baba aliposikia kwamba njia yetu inapita juu ya bonde la kwetu alinipigia mwenyewe, yeye ambaye simu anaishika kama inaunguza. Alinielekeza kwa namna ile ile aliyokuwa akisoma mita za maji za watu: kona ya ngapi, jabali liko upande gani, njia ya mguu inaanzia wapi. Akasisitiza nifike saa mbili asubuhi, isizidi saa tatu, kwa sababu jua huingia bondeni saa hizo na kutoka mapema. Halafu akamtumia shangazi ujumbe, kupitia simu ya yule mwenye duka la barabarani, kwamba mtoto anakuja siku fulani asubuhi, amsubiri mtoni. Baba alitaka picha ya mto, na dada yake mkubwa akiwa ndani ya picha hiyo. Unajua mwenyewe jinsi anavyomsema shangazi. Ndiye aliyembeba mgongoni, kama wewe ulivyonibeba mimi, na hawajaonana tangu msiba wa Mama.

Siku hiyo saa mbili asubuhi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye varanda ya ile nyumba ya wageni, nimekunja nne, nakunywa chai ya pili. Mwenye nyumba alikuwa ameziona picha zangu kwenye kioo cha kamera, akaanza kuniita msanii. Dada, mimi ni mtu wa chumba cha nyuma. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita msanii. Kichwa kikavimba. Akaomba nimpigie ngazi zake za mbao, nikapiga. Akaomba nimpigie ukumbi, kisha bustani, kisha yeye mwenyewe na mbwa wake, na mbwa hataki kutulia. Dereva alikuja mara mbili kunikumbusha kwamba tuna safari. Mara ya pili nilimjibu kwamba bonde halikimbii, na mwenye nyumba akacheka sana, nami nikafurahi kwamba amecheka. Tukala chakula cha mchana mezani kwake. Tuliondoka saa tisa.

Tulifika juu ya bonde saa kumi na mbili na robo. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya kilima, na mwanga uliobaki umefunikwa na mawingu. Ukitazama chini unaona kama unachungulia ndani ya sufuria iliyoungua. Lile duka la barabarani nililikuta limepigiliwa mbao mlangoni na nusu ya mabati yake yameshaezuliwa. Hilo nalo sikuwaambia. Ninyi mmekuwa mkilalamika kwamba simu ya mwenye duka haipatikani, mkidhani ni mtandao, na mimi nikawa naitikia kwamba ni kweli, mitandao siku hizi inasumbua.

Dereva akasimamisha gari pale ambapo njia ya mguu inaanzia, akaniangalia.

"Hushuki?" akaniuliza.

"Hapa panatosha," nikamjibu.

Njia ya kushuka ni nusu saa kwa mtu mwenye miguu mizuri. Nilijiambia giza litatukuta. Nilijiambia viatu vyangu havifai. Sababu yenyewe ni kwamba niliona haya kukutana na mtu aliyeambiwa anisubiri tangu asubuhi, nikaona nafuu kuamini kwamba ameshachoka na kurudi nyumbani. Nikashusha kioo, nikaegemeza kamera mlangoni, nikapiga. Dereva hakutaka kuzima injini kwa kuwa betri yake ilikuwa na maradhi, kwa hiyo mlango wote ulikuwa unatetemeka. Picha saba. Tano zilitikisika hata hazitazamiki. Hatukukaa pale zaidi ya dakika kumi, kisha nikapandisha kioo kwa sababu ya baridi.

Nilipozifungua hapa studio zile mbili zilizobaki, nilikaribia kuzifuta na kumwambia Baba ukweli wa nusu, kwamba mwanga haukuwepo. Laiti ningefanya hivyo. Lakini nilimfikiria alivyosubiri, nikafikiria pia ningeonekanaje, mtaalamu mzima wa kutibu picha za watu, nashindwa kutibu ya baba yangu. Nikakata shauri kuziokoa. Siku tatu mfululizo, wenzangu wakiondoka, mimi nabaki.

Mwanzoni nilifanya kazi ya halali. Nilivuta vivuli, nikaondoa chenga, jabali la Baba likajitokeza, na miti mitatu, na njia. Halafu nikaona majani ya ukingoni ni ya kahawia, makavu, nikayasogeza kidogo yaelekee kijani. Kidogo tu, nikajiambia. Kesho yake nikaongeza kidogo tena. Mbingu ilikuwa ya kijivu, haina uhai, nikaweka mbingu ya picha nyingine niliyoipiga siku mbili kabla, asubuhi, kwenye ziwa. Ikabidi mwanga wa bonde ufuate mbingu hiyo, kwa hiyo nikaupaka jua upande wa kushoto wa kila kitu.

Katikati ya bonde palikuwa na utepe mpana, mweupe mweupe. Kivuli cha jioni ukikivuta kinatoka na rangi ya buluu. Kila mtu wa kazi hii anajua hilo, na kila mtu wa kazi hii anajua jinsi ya kuiondoa buluu hiyo. Ni mbofyo mmoja. Mimi nilikiweka kidole juu ya kipanya nikakiinua, kwa maana ule utepe wa buluu ulikuwa umeshaanza kufanana na maji. Basi nikausaidia. Nikatia mng'ao hapa, kivuli cha ukingo pale. Nikafuta doa lililokuwa linaharibu. Mwishowe mto ukawa mto.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwepo fremu ilipofunguliwa. Ni wewe uliyeniandikia kwamba Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, halafu akasema maneno mawili tu, "Mto umerudi," akatoka nje uani na hukumfuata kwa sababu ulimwona mabega. Ni wewe uliyeniandikia kwamba kwenye msiba shangazi alisema mto umechoka, unapita upande mmoja, na kwamba tangu siku ile Baba alikuwa hautaji. Nilipousoma ule ujumbe wako ningekuwa mtu ningekupigia dakika ile ile. Badala yake nilijisikia vizuri. Nilijiona nimemtendea mzee jambo jema, na jambo jema halina haja ya maelezo mengi.

Halafu ikaja ile ya rula. Wengine wanapokea picha wanaitundika, Baba yetu anaipima. Uliniambia alivyolitumia lile jabali kama kipimo, kwa kuwa anajua urefu wake ni watu wawili, akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya zamani ya ofisi ya maji, akapata kwamba mto una upana wa hatua kumi na nane, sawasawa na alipokuwa kijana. Tulicheka kwenye simu, tukasema bahati yake mto hauna mita, angeupelekea bili. Mimi nilicheka kuliko wewe. Upana ule, Dada, niliuchagua mwenyewe, kwa jicho, nikitafuta mkao mzuri.

Na kuna alichoniambia mimi peke yangu, wewe hukuwepo. Alisema ameona jua limeingia kutoka kushoto, kwa hiyo lazima ilikuwa saa mbili na dakika chache, na kwamba amefurahi kuona nilimsikiliza. Baba hasemi mambo hayo. Miaka yote niliyoishi naye sikumbuki akiniambia kwamba nilimsikiliza. Nilimshukuru. Niliiweka simu chini nikaenda kunawa uso, na bado sikusema.

Akauliza habari za shangazi, bila shaka. Kwa nini hayumo kwenye picha? Nikamwambia shangazi alikataa, alisema sura yake imeshachakaa, heri upigwe mto. Nikamwambia ni mzima, anatembea bila fimbo, anamsalimia sana, na anamcheka kwa kuishi mjini kama kuku wa kufungiwa. Ile ya kuku niliitunga papo hapo ili isikike kama yeye. Baba akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo anairudia kwa kila mgeni, na nina hakika wewe umeisikia hadi umechoka.

Sikuwahi kuzungumza na shangazi. Mpaka leo hii sijui anatembea na nini.

Hata hapo sikudhani itafika mbali. Picha ni picha, inatundikwa, inazoeleka. Sikujua kwamba Baba alikuwa anakaa mbele yake kila asubuhi akipanga matuta ya mboga. Sikujua kwamba na wewe, uliyejenga jina lako kwa kushona miaka kumi na moja kwenye chumba kile, utakubali kukiacha ili mzee asiende peke yake. Uliponiandikia kwa mara ya kwanza habari za kuhama nilijitia hamnazo, nikasema ni maneno ya wazee, yatapita. Sasa lori lina siku na saa. Maji yamenifika shingoni, na ni maji niliyoyachora mwenyewe.

Ukingo ule ni mkavu, Dada, na mto haupo. Ule utepe ni mchanga.

Ningeweza kuishia hapa, na ungenitukana ya kutosha, na ungesema labda sikujua, kwamba gizani mchanga na maji vinafanana na kijana alidanganywa na macho yake. Ungenitafutia njia ya kutokea, ndiyo tabia yako. Kwa hiyo nijikaze niseme na hili, kwa kuwa ndilo linalonifanya nione haya hata kujitazama kwenye kioo cha kompyuta kikizimika.

Nimekuandikia hapo juu kwamba nilifuta doa. Halikuwa doa.

Siku ya pili ya kazi ile, nilipovuta vivuli vya katikati ya bonde, pakajitokeza kitu kidogo cheusi juu ya ule utepe. Nilidhani ni chenga zilizorundikana. Nikakikuza nikione vizuri kabla ya kukiondoa. Ni mtu. Ni mwanamke, kajifunga kitambaa kichwani, kasimama wima, na miguuni pake kuna dumu. Mkono mmoja kauinua juu. Kwenye picha ya pili, niliyoipiga sekunde chache baadaye, mkono bado uko juu, ila kasogea hatua moja kuja upande wetu. Alikuwa amesikia gari. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili na robo jioni alikuwa pale alipoambiwa asubiri, kaona gari limesimama juu barabarani, akanipungia, nami nikapandisha kioo kwa sababu ya baridi.

Na alikuwa amesimama katikati ya mto. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika, bila kubahatisha, kwamba hakuna maji. Mtu hasimami katikati ya mto na dumu lake, viatu vikavu. Nilikuwa na mambo mawili mbele yangu ambayo hayawezi kukaa kwenye picha moja, mto na shangazi, na ilinibidi nichague. Nilikaa kidogo. Nakumbuka nje mtu alikuwa anafagia. Kisha nikachukua brashi ya kufutia nikaanzia kwenye mkono.

Haikuchukua hata dakika moja, Dada. Mchanga ulio pembeni yake unaunakili na kumfunika nao, basi. Halafu nikapaka maji juu yake.

Mzee Rangi aliipenda sana. Akaiweka dirishani wiki nzima kabla hatujawatumia, wapita njia wakawa wanasimama, na ilipoondoka akabakiza nakala pale pale. Siku ya kuifunga aliniuliza kama ya mwanzo nimeshaiweka nyuma. Nikamwambia ipo. Na ilikuwepo kweli, hilo ndilo neno pekee la kweli nililolisema mwezi ule. Mkono umezoea, niliichapisha na kuiweka bila hata kufikiri, mgongo kwa mgongo, kama ya mteja yeyote. Nilipozinduka nilitaka kuitoa, nikashindwa, sijui kwa nini. Labda sikutaka kumfuta mara mbili. Nikachukua kadibodi nikaifunika, na badala ya vibanio nikazungushia karatasi ya gundi pembe zote nne, Baba asije akafungua.

Kwa hiyo shangazi yumo humo nyumbani kwenu. Karibu miezi minane amekuwa sebuleni, juu ya redio, mkono kauinua, kaupa uso ukuta. Baba anakaa mbele yake kila asubuhi, na kati yao kuna karatasi moja na mto wangu.

Sasa sikiliza ninavyokuomba. Unakumbuka tochi ya Baba ya kusomea mita? Niliivunja mimi, ukasema ni wewe, ukachapwa wewe, na mimi nikakaa chini ya meza nikihesabu fimbo. Hatukuwahi kuizungumzia. Nimekuwa mtu mzima nikiwa na imani hiyo kwamba nikiharibu, Dada atasema. Hata barua hii nilipoianza asubuhi nilikuwa nakuandikia ili wewe umwambie Baba. Nimeichana ile, hii ni ya pili. Safari hii usinisemee. Baada ya kuisoma ifiche, na ufunguo wako ubaki nao, na yule fundi mwenzako mwambie arudishe vipimo vya watoto wa shule. Basi hayo tu. Fremu usiiguse. Alhamisi nitapanda basi la asubuhi, saa kumi nitakuwa mlangoni. Nitaishusha mwenyewe, nitaomba mkasi wako, na nitaifungua mbele yake. Ila niwekee tayari ile lenzi yake ya kusomea gazeti, maana ya nyuma ina giza na shangazi ni mdogo kama punje ya mchele. Nataka amwone mwenyewe, asiambiwe.

Sijui atafanya nini. Kama hatasema na mimi, atakuwa na haki. Kama atatoka nje uani, tafadhali safari hii mfuate.

Lori usiliahirishe, na vyombo msivipakie. Kama Baba ataridhia, Jumamosi liende tupu, na mimi nitakaa mbele na dereva, nikamtafute shangazi nimwombe radhi, na kama atakubali kurudi nami, chumba changu cha zamani kinamtosha. Nimeshamwomba Mzee Rangi ruhusa. Aliuliza sababu, nikamweleza yote, akasema niondoe na ile nakala ya dirishani. Nimeiondoa. Na shangazi akikubali au akikataa, hata akiniona na kunipa mgongo, pale njia inapoanzia nitashuka.

Nimefika mwisho, mkono umechoka na nje wanafunga maduka. Nisamehe kwa kukuharibia siku, na kwa kazi uliyokuwa unaiaga kwa ajili yangu bila kujua. Baba msalimie, lakini usizidishe salamu, asije akashtuka. Lala salama, Dada, nami nakuja.

Ni mimi mdogo wako, mliyenipa jina la Macho kwa kuwa nilikuwa naona mbali,

Macho.